Picha ya Jicho la Kulia

Dija alipofika kwa Bi Mwaija na furushi kichwani, Mardhiya alikuwa ukumbini anapeta mchele. Hakuinuka kumpokea. Dija alikuwa dada yake Haji, na Haji alikuwa mume wa Mardhiya mpaka juzijuzi tu, alipompa talaka na kumrudisha hapa kwa mama yake, nyuma ya soko la Bagamoyo.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Dija alitua furushi mkekani, akalifungua mwenyewe, akawa anatoa kitu kimoja kimoja huku anakitaja kwa sauti, kama mtu anayeogopa kuja kusingiziwa kwamba kapunguza. Kanga za Mardhiya hizi. Sufuria zake hizi. Mbuzi ya kukunia nazi hii hapa. Mwisho akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa, akampa mkononi.

"Na hii picha ya marehemu. Kaka kasema zilikuwa mbili, basi moja yako, moja yake. Kagawa sawasawa."

Mardhiya akakunjua karatasi. Zaina alikuwa amesimama uani na gauni lake la madoadoa, mkono mmoja kiunoni, macho yametazama mbele. Nyuma yake palikuwa na nguzo ya banda la jikoni. Katika picha ile nguzo ilikuwa imegusana na sikio la mtoto, na Mardhiya alipoona hivyo alijua mara moja ni ipi aliyopewa.

"Na ile nyingine?"

"Anayo mwenyewe. Kwani si zinafanana, wifi?"

"Haji ndiye aliyesema zinafanana?"

"Mtu yeyote mwenye macho anaona zinafanana."

Mardhiya akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake. "Mwambie kakako hajagawa kitu. Mwambie kampasua mtoto katikati, kaniletea nusu."

"Mardhiya," mama yake akamkanya.

"Kampasua, mama. Na anajua."

Dija akajitanda buibui lake akaondoka amenuna, na kila alikopita siku ile alieleza jinsi yule mwanamke alivyoletewa mali yake yote mpaka mlangoni na bado akatukana.

Watu walimsadiki Dija, na si ajabu. Ukiziweka picha zile mbili mbele ya mtu na kumuuliza tofauti yake, atakwambia hakuna. Waliojua walikuwa wawili tu duniani, aliyezipiga na aliyekuwepo zilipopigwa.

Haji alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi. Siku moja aliitwa na karani mmoja Mgoa, aliyekuwa anahama kurudi kwao, amtengenezee baiskeli kabla ya kuiuza. Huko akaonyeshwa chombo cha mbao chenye vioo viwili, ambacho ndani yake huwekwa picha mbili za kitu kimoja. Haji alipochungulia akaona kanisa, na viti vya kanisa vikienda nyuma, nyuma, mpaka madhabahuni, kana kwamba angeweza kuingia na kutembea katikati yake. Karani alimweleza kwamba jicho la kushoto na jicho la kulia hayaoni kitu kimoja sawasawa, kila moja lina pembe yake, na chombo kile hulipatia kila jicho picha yake. Chombo karani hakukiuza. Kilichouzwa ni kamera yake ya kisanduku, na Haji ndiye aliyeinunua.

Alirudi nyumbani akamsimamisha Mardhiya uani. "Inua kidole mbele ya pua. Fumba jicho hili. Sasa fumba hilo jingine. Unakiona kinavyohama?"

"Nakiona."

"Basi ni hicho tu."

Alichukua ubao wa kasha la sabuni akaugongomea vijiti viwili, ili kamera iteleze baina yake bila kuyumba. Hupiga picha ya kwanza, halafu huisogeza kamera kwa upana ulio kati ya jicho na jicho, akapiga ya pili. Ya kwanza ni ya jicho la kushoto, ya pili ni ya jicho la kulia. Kwa nyumba na minazi haikuwa kazi, maana havina pa kwenda. Kazi ilikuwa Zaina. Alikuwa amekwisha kung'oka meno ya mbele, na kutulia hakukujua. Hata usingizini alianzia kichwani mwa kitanda akaamkia miguuni. Haji alimsimamisha mara ya kwanza akakimbia, mara ya pili akajikuna. Ndipo Mardhiya aliposimama nyuma ya mumewe na kashata mkononi, akaiinua juu ya kichwa cha Haji.

"Zaina, itazame hii. Ukipepesa nakula mimi."

Mtoto akaikodolea macho, mkono kiunoni kama mtu mzima anayesubiri haki yake, na kamera ikalia mara mbili.

Picha zilisafishwa kwa Mhindi mmoja Dar es Salaam, zikarudi kwa dereva wa basi. Chombo cha kutazamia hawakuwa nacho, basi Haji aliazima miwani ya kusomea ya Bi Mwaija, ile yenye vioo vinene, akakata kipande cha boksi la viatu. Aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu mezani, akasimamisha boksi katikati yake, na ukingo wa juu wa boksi Mardhiya akauegemeza puani, miwani machoni. Kwa njia hiyo kila jicho lilibaki na upande wake.

Mara ya kwanza aliwaona Zaina wawili, akataka kuvua. Haji akamwambia avumilie, alegeze macho kama anatazama mtu aliye mbali barabarani. Wale wawili wakaanza kusogeleana polepole, wakapandana, na mara ua ukafunguka. Nguzo ilirudi nyuma, ikakaa mahali pake. Kuku aliyekuwa kando ya kinu akawa na mgongo na tumbo. Upindo wa gauni ulijitenga na miguu, akaona kabisa kwamba hewa inapita pale katikati, na kiwiko cha mtoto kilichomoza mbele mpaka Mardhiya akanyoosha mkono kukishika, akagusa meza. Zaina naye alipopewa zamu yake alitazama, akainua kichwa, akaenda kuchungulia nyuma ya boksi.

Majirani walikuja kwa wiki nzima kumtazama Zaina aliyesimama ndani ya karatasi, wote wakidhani ni kazi ya miwani, na Zaina mwenyewe akiwa kando yao akiwahimiza wasichelewe. Masika yaliyofuata paa lilivuja, filamu zikagandana zikaharibika, wala Haji hakujali. Picha zenyewe zilikuwapo, na mtoto mwenyewe alikuwapo.

Zaina alikufa alfajiri ya kuamkia Maulidi. Ilikuwa homa. Mardhiya alimpeleka kwa mganga wa serikali, akapewa vidonge, akaambiwa arudi naye kesho yake, na hiyo kesho ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Haji hakuwepo. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda Kiwangwa kutengeneza baiskeli za wanunuzi wa korosho. Homa ilipopanda, jirani yao Majaliwa alitoka mbio kumfuata, akaenda Kiwangwa, akarudi peke yake. Wanaume wakakaa, wakaamua kwamba maiti haisubiri. Zaina aliogeshwa, akavikwa, akazikwa baada ya sala ya alasiri. Baba yake aliingia siku ya pili yake, akakuta watu wamekaa matangani.

Haji hakulia mbele za watu. Alimuuliza Mardhiya swali moja tu: kwa nini hawakumngoja. Mardhiya akamjibu kwamba si yeye aliyeamua. Lakini swali lile halikuondoka nyumbani. Likawa linakaa nao mezani na kulala nao, likageuka lawama, lawama ikageuka kimya, na mwisho wa kimya ikawa talaka. Eda ya Mardhiya ilikuwa haijaisha mji ulipopata habari kwamba Haji anaye mke Zinga, binti wa Mlingotini anayeitwa Ashura, na kwamba ndoa yenyewe si ya jana.

Huyo ndiye mtu aliyegawa sawasawa.

Baada ya Dija kuondoka, Mardhiya alichukua miwani ya mama yake, akakata kipande cha boksi, akaiweka picha yake upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na meza tupu. Alitazama mpaka kichwa kikamuuma. Zaina alibaki amelala juu ya karatasi, bapa, kama chapa kwenye kasha la sabuni. Siku kadhaa alijaribu tena na tena, na kila alipovua miwani hasira ilikuwa imepanda zaidi. Hakuwa na hasira ya kunyang'anywa. Mtu akinyang'anywa, angalau watu huona. Hii ilikuwa hasira ya mtu aliyeibiwa mbele ya mji mzima, na mji mzima ukamwambia aseme ahsante.

Akaenda kwa ami yake, Mzee Mwinshehe, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa walii wake wa ndoa. Mzee akamwita Haji. Haji akaja na kanzu safi, akaketi barazani na wazee wengine wawili, mikono mitupu.

"Ami, mimi kosa langu silijui," alisema kwa upole. "Picha zilikuwa mbili. Nimempelekea moja."

Mzee Mwinshehe aliishika picha ya Mardhiya, akaisogeza kwenye mwanga. "Mwanangu, mtoto si huyu hapa? Ana mikono, ana miguu, hana kilichopungua."

"Ami, hiyo ni ya jicho moja. Ni ya jicho la kushoto. Ya jicho la kulia anayo yeye. Bila ya pili hii haina kitu."

Mmoja wa wale wazee akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ya jicho moja," Mzee Mwinshehe akarudia. "Mbona mimi naiona kwa yote mawili?"

"Mwambieni alete ya kwake niwaonyeshe. Nguzo na sikio katika ile vimeachana, mwanga unapita katikati. Mwambieni alete."

"Nimeisahau nyumbani," akasema Haji.

"Ami, mngekuwa mnagawa jozi ya viatu, kila mtu mkampa kimoja, mngesema ni haki?"

"Viatu ni vya kuvaliwa, mwanangu. Picha ni ya kutazamwa. Utatazama yako, naye atatazama yake, na nyote mtamwombea mtoto." Akamrudishia picha. "Msiba ni mkubwa, naelewa. Lakini usifanye neno dogo likawa fitina."

Mardhiya aliwatazama wote watatu, akamtazama na Haji. Wazee walikuwa wakitabasamu kwa huruma. Haji hakutabasamu. Alikuwa ameinamisha macho kwenye makubadhi yake, na Mardhiya akaona kwamba, katika watu wote waliokaa pale barazani, ni yeye peke yake aliyemwelewa, neno kwa neno.

Alimngoja kwenye uchochoro. Haji alipotokea alitaka kumpita, naye akamzibia njia.

"Sema kweli sasa. Hapa hakuna wazee."

Haji akasimama. Alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama. "Wewe ulimuogesha. Ukamvika, ukambusu. Mimi hata uso sikuuona, nilionyeshwa mchanga. Basi na wewe usimwone. Tuwe sawa."

Akapita.

Mardhiya alibaki ameegemea ukuta, na ukuta ulikuwa wa moto kwa jua, asiusikie. Kwa miezi yote ile alikuwa na neno moja ambalo hakulitamka kwa mtu, kwa kumstahi baba wa mtoto wake. Siku ile, pale uchochoroni, heshima ile ikamwisha.

Kesho yake alikunja picha yake ndani ya kanga, akachukua na miwani na kipande cha boksi. Bi Mwaija akasimama mlangoni.

"Huendi kwa mume wa watu kufanya vurugu."

"Sifuati mume, mama. Mume wachukue. Namfuata mwanangu."

"Na miwani yangu unaipeleka wapi?"

"Itarudi."

Alipanda basi la asubuhi, akashuka Zinga. Hakupata shida ya kuuliza. Baiskeli zilikuwa zimepinduliwa kando ya barabara, magurudumu juu, na Haji kainama katikati yake na bisibisi mdomoni. Nyuma yake ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti mapya, na kibarazani mwanamke kijana alikuwa anakanda unga wa maandazi katika sinia kubwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada," akajibu yule mwanamke, akamsogezea kigoda kwa mguu maana mikono ilikuwa na unga. "Karibu ukae. Habari za utokako?"

"Njema. Mimi ni Mardhiya, mama yake Zaina."

Mikono ya Ashura ikasimama ndani ya unga. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Pole na msiba, dada. Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Haji alikuwa amekwisha kuinuka, bisibisi sasa i mkononi. "Umefuata nini huku?"

Mardhiya aliliona kasha tupu lililogeuzwa kuwa meza, akaondoa nati na minyororo iliyokuwa juu yake akaiweka chini, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Akaiweka picha upande wa kushoto. Akasimamisha kipande cha boksi katikati. Upande wa kulia akaugonga kwa kidole.

"Lete."

"Rudi kwenu, Mardhiya. Usinijazie watu."

Watu walikuwa wameanza kusimama kweli, wapita njia wawili na mwenye duka wa ng'ambo ya barabara.

"Lete ya jicho la kulia."

"Wazee walikwisha kusema. Au na wewe sasa hutii hata ami yako?"

"Wazee uliwadanganya kwa kunyamaza. Mimi ndiye niliyeinua kashata juu ya kichwa chako, Haji. Mimi huwezi kunidanganya."

Hapo Haji akapandwa na hasira. Alisema yote, na alisema kwa sauti. Kwamba mtoto wake kazikwa kama mtoto asiye na baba. Kwamba mwanamke huyu hakuweza hata kuwashika miguu wale wanaume wangoje usiku mmoja. Kwamba kila akifumba macho anaona mchanga tu, na yeye, Mardhiya, ana uso wa kukumbuka, halafu hatosheki, anataka na hiki.

Mardhiya alimwacha amalize.

"Majaliwa alikufuata Kiwangwa," alisema. "Alikwenda na baiskeli yako mwenyewe, ile ya kijani. Alipita nyumba kwa nyumba. Aliambiwa fundi wa Bagamoyo hajaonekana wiki ile, wala wiki ya kabla yake. Aliporudi aliniambia mimi peke yangu, na mimi nikamwomba asiseme. Nilikusitiri matangani, ukiniuliza kwa nini hatukukungoja, na watu wote wananitazama mimi. Sikukuuliza swali hili hata siku moja. Nakuuliza leo. Mkesha wa Maulidi ulikuwa wapi?"

Haji akamtupia Ashura jicho.

"Tungekungoja wapi, Haji? Sema, tungemtuma mtu wapi?"

"Alikuwa hapa."

Ni Ashura aliyesema. Alikuwa amesimama, unga umemganda mpaka kwenye viwiko.

"Mkesha wa Maulidi alikuwa hapa," akasema tena, polepole, kama mtu anayehesabu kichwani huku anaongea. "Alikuja na nyama ya mbuzi, nikampikia. Nikamwambia, baba, huendi kwa mtoto na sikukuu hii? Akasema mtoto kapelekwa kwa bibi yake Pangani." Akamgeukia mumewe. "Na kifo ulinambia kilikukuta Kiwangwa kazini, baada ya sikukuu. Ukalia hapa, kwenye goti langu, ukawalaani waliokuzikia mtoto. Na mimi nikawalaani pamoja nawe."

"Ashura, ingia ndani."

"Naingia."

Aliosha mikono ndani ya ndoo, bila haraka, akaingia. Wakasikia kifuniko cha sanduku kikigonga ukuta. Alipotoka alikuwa na karatasi ya kaki, ndugu ya ile aliyoileta Dija. Haji akapiga hatua moja kumwelekea.

"Usiniguse," Ashura akasema. "Leo usiniguse kabisa."

Akaikunjua, akaiweka juu ya kasha, upande wa kulia. Nguzo na sikio vilikuwa vimeachana, na mwanga mwembamba ukipita katikati.

Mardhiya alipiga magoti mavumbini, akavaa miwani ya mama yake, akaegemeza pua. Hakuona kitu. Aliwaona watoto wawili, kila mmoja na nguzo yake, na jinsi alivyokaza macho ndivyo walivyozidi kuachana. Macho yake yalikuwa yamekakamaa kwa hasira na hayakukubali kulegea. Akavua, akavuta pumzi, akavaa. Bado wawili. Nyuma yake mtu mmoja akanong'ona kwamba mama huyu kachanganyikiwa. Akafumba macho, akakaa hivyo mpaka moyo ulipopunguza mbio, akayafumbua bila kuyalazimisha kitu.

Wakasogeleana. Wakapandana. Ua ukafunguka, na Zaina akasimama ndani yake, kiwiko mbele, pengo la meno limejificha nyuma ya midomo iliyokazwa asije akapepesa akanyimwa. Alikuwa anatazama juu kidogo, pale mama yake aliposimama siku ile. Alikuwa anamtazama yeye.

Machozi ya Mardhiya yalipojaza vioo, picha ikavurugika, akalazimika kuvua na kuvifuta kwa kanga.

"Naomba na mimi, dada," akasema Ashura.

Mardhiya akampisha. Alimshikia boksi mwenyewe, akamwambia asikaze. Ashura akainama, kisha mgongo wake ukashtuka kidogo, akanyoosha kidole kimoja kuelekea kasha, akakirudisha.

"Kumbe alikuwa binti mkubwa hivi," akasema. Alipovua miwani hakumtazama Haji. Akazichukua picha zote mbili kwa ncha za vidole, akampa Mardhiya. "Chukua mwanao, dada. Nyumba hii haikustahili kumweka sandukuni."

Wapita njia walikuwa sasa kundi. Haji alipita mbele yao kama hawapo, akasimama kando ya kasha.

"Mardhiya. Nami nitazame."

Alikuwa tayari amezifunga ndani ya kanga. "Hapana."

"Mara moja tu. Ni mwanangu."

"Ulikuwa na yako siku zote hizi. Uliitazama?"

"Niliitazama."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi unajua nilichokuwa nakiona mimi."

Akavuka barabara. Haji akamfuata mpaka ukingoni, bisibisi bado mkononi, akaita jina lake mara ya pili, akaita na Mama Zaina, jina ambalo hakumwita tangu talaka. Mardhiya akapunga mkono kulisimamisha lori la nazi lililokuwa linakwenda Bagamoyo, akapanda mbele na dereva, wala hakugeuka. Njia nzima mikono yake ilikuwa imefumbata kanga, na alikuwa bado na hasira. Alidhani akimpata mtoto hasira itashuka. Haikushuka. Ilikuwa imekaa tu mahali pengine, imetulia, kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa chumba chake.

Habari zilimtangulia mjini. Mzee Mwinshehe alimwita akataka aone kwa macho yake, na Mardhiya akampelekea picha na miwani na boksi, akampangia mezani. Mzee alichukua muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema, "Subhanallah," kisha akasema, "Nilikosa, mwanangu." Mardhiya akakusanya vitu vyake. Hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu.

Ashura alirudi kwa wazazi wake Mlingotini, akakaa huko mpaka wazee wa pande mbili walipokaa kikao na Haji akaapa mbele yao aliyoapa. Alirudi Zinga, lakini wanaowajua wanasema kuanzia hapo Haji akisema anakwenda mahali, alitaja na jina la mtu atakayemkuta huko.

Maulidi ya mwaka uliofuata, asubuhi, Haji alikuja peke yake kwa Bi Mwaija. Alisimama nje, kofia mkononi, akapiga hodi kama mgeni. Bi Mwaija akamwitikia, akamwita binti yake, akaingia jikoni kuwaachia nafasi.

"Sikuja kudai," akasema Haji. "Nimekuja kuomba."

Mardhiya alimtazama sana. Alikuwa amekonda. Huruma hakuihisi hata kidogo, na alijichunguza vizuri ndani ya moyo kuhakikisha. Lakini alikumbuka meza ile tupu upande wa kulia, na lile neno la uchochoroni, tuwe sawa, na akaona kwamba hakutaka kuwa sawa na mtu huyu kwa jambo lolote. Akaingia ndani, akatoka na vitu vyote, akamwekea kibarazani.

"Futa mikono kwanza. Ina grisi."

Haji akafuta mikono kwa kanzu yake ya sikukuu. Akainama. Mardhiya hakuondoka. Alisimama juu yake muda wote na mikono kifuani, maana hakumwamini hata kwa urefu wa mkono. Alimwona anavyohangaika, anavyosogeza picha kwa unywele mmoja huku na huku kifundi. Halafu mabega ya Haji yakatulia, na Mardhiya akajua kwamba amemwona mtoto. Ilimuudhi kwamba amemwona upesi hivyo.

Haji alikaa pale mpaka watu wa msikitini walipoanza kupita na kanzu nyeupe, wakamsalimia asiwasikie. Alipovua miwani aliiweka chini kwa uangalifu, akakaa amejishika kichwa.

"Nakushukuru."

"Usinishukuru. Maulidi ijayo ukitaka, njoo. Kabla ya hapo usinigongee mlango, wala usimtume Dija."

"Nitakuja."

Alikuja, mwaka ule na miaka mingine iliyofuata, mpaka alipohamia Tanga. Kila mara alikuta vitu vimekwisha kupangwa kibarazani, picha ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, na Mardhiya amesimama mlangoni. Kunywa kahawa hakukaribishwa, na kuzibeba picha hakuruhusiwa hata siku moja.